Bagamoyo, Jina Letu la Kwanza

Jimbo letu la Morogoro halikuzaliwa na jina la Morogoro. Mwaka 1906 Roma iliunda Vikarieti ya Kitume ya Bagamoyo na kumkabidhi Askofu François-Xavier Vogt wa Shirika la Roho Mtakatifu. Baada yake walikuja Bartholomew Wilson na Bernard Hilhorst. Kwa miaka hiyo yote waamini wa Matombo, Mgeta na Mhonda walihesabiwa kuwa watu wa Bagamoyo, hata wale ambao hawakuwahi kuiona bahari maishani mwao. Jina lilibadilika mwaka 1953, vikarieti ilipopandishwa hadhi na kuwa jimbo. Tangu hapo tukaitwa Morogoro.

Mji wenyewe, hata hivyo, uliendelea kuwa wetu. Bagamoyo ilibaki parokia ya Jimbo la Morogoro, na kila aliyekwenda kuhiji kule alijua anakwenda nyumbani. Machi 2025 Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo, kwa kumega sehemu ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam na sehemu ya jimbo letu. Tulifurahi, kwa maana Kanisa linapokua hugawanyika kama ukoo unavyogawanyika ardhi ikishajaa watu. Lakini furaha hiyo imetuachia swali. Je, ule mji wa mawe unaomomonyoka pwani bado unatuhusu sisi tulioko chini ya Uluguru, au sasa ni shughuli ya wenzetu?

Tunasema unatuhusu. Ili kueleza kwa nini, hatuna budi kuirudia historia, pamoja na yale mafungu yake ambayo hayapendezi kusimuliwa.

Bagamoyo si mji wa kwanza katika eneo lile. Mwendo mfupi kusini yake yapo magofu ya Kaole, na msikiti wake ni wa karne ya 13. Bagamoyo yenyewe ilikua baadaye, na katika karne ya 19 ikawa mlango mkuu wa bara kwa wafanyabiashara wa Zanzibar. Misafara ilianzia na kuishia hapo. Wanyamwezi waliteremka na pembe za ndovu mabegani, wakauza, wakapumzika, wakapanda tena na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Watumwa nao walipita njia hiyo, ingawa bandari iliyopitisha wengi zaidi kuliko zote ilikuwa Kilwa, kule kusini. Ndiyo maana jina la mji lina tafsiri mbili mpaka leo. Kwa mpagazi aliyeliona jahazi baada ya miezi ya njia, Bagamoyo ni mahali pa kubwaga mzigo na kuupumzisha moyo. Kwa aliyefungwa mnyororo, ni mahali alipoubwaga moyo wake akijua hatarudi kwao. Tafsiri zote mbili zina wenyewe, na hatuoni sababu ya kuchagua moja na kuitupa nyingine.

Njia hiyo ilipita mlangoni petu. Chini ya Milima ya Uluguru, karibu na mto, Kisabengo alijenga ngome, na baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapo akienda kumtafuta David Livingstone. Aliukuta mji wenye kuta za mawe na minara, akaandika kwamba Kisabengo alijipatia nguvu kwa kuwateka watu. Maneno ya mpita njia yanahitaji kupimwa, lakini hili hatuwezi kulikwepa: biashara ile haikuwa ya wageni peke yao. Miongoni mwa wazee wetu walikuwamo waliokamatwa, na walikuwamo waliokamata.

Katikati ya hayo ndipo injili ilipofika. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walitua Zanzibar mwaka 1863 wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Mwaka 1868, kwa kibali cha Sultani Majid, walianza misheni Bagamoyo. Pamoja nao walifanya kazi masista wa Mabinti wa Maria, kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na miongoni mwa masista wake wa kwanza walikuwamo wanawake waliokuwa watumwa. Hivyo baadhi ya watoto waliokombolewa huku kwetu walilelewa na shirika lililojua utumwa kwa ndani. Habari hii tungependa isimuliwe mara nyingi zaidi katika mafundisho yetu.

Misheni ilinunua watumwa, hasa watoto, na baadaye ikapokea wengine waliookolewa na manowari za Waingereza kwenye majahazi baharini. Waliwekwa shuleni, karakanani na mashambani. Walipokua, waliooana walipewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo karibu na misheni. Tunakiita kijiji cha uhuru, na kweli hakuna aliyeuzwa tena akiwa humo. Lakini wanahistoria waliosoma barua na shajara za wamisionari wenyewe wanatueleza pia kwamba maisha yalikuwa ya kengele na ratiba, kazi ilikuwa nyingi, adhabu zilikuwapo, na wengine waliondoka. Mtu aliyenunuliwa ili awe huru, kisha akaambiwa alale saa ngapi na alime wapi, alikuwa na haki ya kuuliza uhuru wake unaanzia wapi. Kulisema hili si kuwavunjia heshima mapadre na masista waliokufa kwa homa wakiwa vijana na kuzikwa palepale. Ni kuwatendea haki na wale wengine, ambao kwa kawaida hatuwataji.

Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga pwani. Majengo ya misheni yalibomolewa karibu yote, ikabidi kazi ianzwe upya. Mvua za majira hayohayo ziliujaza mto wetu. Stanley, akirejea pwani, aliona jinsi mafuriko yalivyozoa kuta za Simbamwene pamoja na vijiji vya bondeni. Tazameni tofauti ya miji hiyo miwili. Bagamoyo walijenga tena, na ndiyo maana leo tuna cha kuonyesha. Kuta za Simbamwene hazikuinuliwa zikawa kama zamani. Ukitembea Morogoro leo huzikuti, na watoto wetu wengi wanalijua jina Simbamwene pasipo kujua kwamba aliishi mwanamke mtawala aliyeitwa hivyo. Mji ukipoteza mawe yake, mara nyingi na habari zake huondoka.

Kutoka Bagamoyo wamisionari walielekea bara. Walianza Mhonda, katika milima ya Nguru, mwaka 1877. Wakaja Mandera mwaka 1881 na Morogoro mwaka 1882, kisha Tununguo, na kabla karne haijaisha wakawa Matombo, ndani kabisa ya Uluguru. Tunapoadhimisha jubilei za parokia hizi huwa tunataja padre mwanzilishi. Mara chache tunakumbuka kwamba padre huyo hakuja peke yake. Mpango wa misheni ulikuwa kwamba familia za Kikristo kutoka kijiji cha Bagamoyo, yaani waliokuwa watumwa, ziende naye na kuwa kiini cha kijiji kipya. Wao ndio waliofyeka msitu, wakajenga kikanisa cha kwanza, wakasali kwa sauti mbele ya majirani waliokuja kuchungulia. Wengi wao hawakuwa Waluguru wala Wanguu. Walikuwa wametekwa kutoka makabila ya mbali, wakapotezwa kwao, wakapewa majina mapya kisimani pa ubatizo. Imani yetu ya milimani ililetwa na watu walionyang'anywa nyumbani kwao.

Hata mibuni ilifuata njia hiyo. Wamisionari walileta mbegu za kahawa kutoka Réunion wakazipanda Bagamoyo, na kutoka hapo kahawa ikapandishwa kwenye misheni za bara, mpaka Kilema, Kilimanjaro.

Kisha mji ukaanza kushuka. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kuipinga kampuni ya Wajerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na Bagamoyo ilikuwa moja ya viwanja vya vita hivyo. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu kwa muda mfupi, lakini mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, yenye bandari ya kina kirefu. Pigo la mwisho lilitokea upande wetu. Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907, na tangu siku hiyo mpagazi hakuhitajika tena. Treni iliyoikuza Morogoro ndiyo iliyoimaliza Bagamoyo. Tuna deni na mji ule hata kwa jambo hili.

Umaskini una namna yake ya kuhifadhi. Miji iliyotajirika ilivunja nyumba za kale na kujenga mpya, lakini Bagamoyo haikuwa na fedha za kuvunjia. Hivyo yamebaki mengi. Ipo Ngome Kongwe ya mwaka 1860. Yapo mabaki ya kambi ya misafara. Ipo Boma ya Wajerumani ya mwaka 1897, ambayo sehemu yake iliangushwa na mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1990. Ipo shule iliyojengwa na Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mhindi, ambaye mwaka 1896 aliikabidhi serikalini ili isomeshe watoto bila kubagua rangi. Jina lake wengi wetu tunalijua kwa kuuguza ndugu katika wodi za Sewahaji pale Muhimbili. Upande wa misheni upo mnara wa kanisa la kwanza, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Ipo nyumba ya masista, ambayo sasa ni makumbusho. Lipo kanisa kubwa lililokamilika mwaka 1914, na njia ya miembe mikongwe inayoelekea huko.

Tusidhani kwamba kumbukumbu ya mji huu ni ya Wakristo peke yao. Bagamoyo ilikuwa, na ingali, mji wa Waislamu. Miongoni mwa watu wake wakubwa ni Shehe Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Shehe Ramiya. Alitekwa akiwa mtoto huko Kongo, akauzwa pwani, akalelewa katika nyumba ya tajiri Mwarabu, akajisomea dini mpaka akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya aliyeheshimiwa mpaka bara. Alifariki mwaka 1931. Mtumwa mmoja alikuwa mkulima Mkristo Mhonda, mwingine akawa shehe Bagamoyo. Wote wawili walitoka katika msiba mmoja, na wote wawili walisimama tena kwa imani. Tukiihifadhi nyumba ya mmoja na kuiacha ya mwingine ianguke, tutakuwa tumehifadhi nusu ya ukweli.

Nyumba hizi huangukaje? Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unanyonya unyevu na kuutoa, na kila baada ya miaka kadhaa unahitaji kupakwa chokaa upya. Paa likivuja na lisizibwe, maji huozesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta. Boriti zikivunjika sakafu hushuka, na ukuta uliokosa mshiko hufunguka. Kuna na uharibifu unaofanywa kwa nia njema. Mtu hupaka saruji juu ya ukuta wa chokaa ili uwe imara. Saruji huufungia ndani unyevu na chumvi ya bahari, na baada ya muda jiwe huliwa nyuma ya plasta iliyo nzuri kwa macho. Hili linatuhusu hata huku milimani, kwa sababu makanisa na nyumba za mapadre za enzi zile zilijengwa kwa mawe na chokaa, na sisi kila tukikaribia jubilei hukimbilia mifuko ya saruji.

Serikali imeweka sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hulindwa yakitangazwa rasmi. Sehemu kongwe ya Bagamoyo ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1983, na mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake, katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Lakini sheria haipaki chokaa. Nyumba nyingi ni mali za familia zilizotawanyika, warithi ni wengi, na hakuna mmoja mwenye uwezo wa kuezeka. Na angalieni ule mwaka wa 1863. Parokia zetu kongwe zote ni changa kuliko mwaka huo. Jengo la Matombo au Mhonda haliwezi kutegemea umri wake lilindwe. Asipojitokeza mtu wa kulisemea, laweza kubomolewa na kamati ya ujenzi katika mkutano mmoja.

Wapo watakaouliza, na wanayo haki: kwa nini tuchangie kuta za zamani wakati zahanati ya parokia inavuja na vigango vingine vinasalia chini ya mti? Hatutaki swali hili lipuuzwe. Mgonjwa hutangulia mbele ya jiwe, na Kanisa lililosahau hilo halina la kuhifadhi. Lakini watu hula mkate na hula pia kumbukumbu. Maandiko yanatueleza kwamba Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliamuru yachukuliwe mawe kumi na mawili kutoka mtoni na kusimamishwa, ili watoto wakiuliza maana yake waelezwe. Walikuwa watu wenye njaa ya ardhi na vita mbele yao, na bado walipewa kazi hiyo. Tena waliagizwa mara nyingi wasisahau kwamba walikuwa watumwa Misri, ili wasije wakamtendea mgeni kama walivyotendewa. Amri ya kukumbuka ilikuwa kinga dhidi ya ukatili. Mpaka leo wapo wasichana wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya shule, wakaishia kufanya kazi za nyumbani mijini bila mshahara. Anayeijua Bagamoyo vizuri hawezi kuliangalia jambo hilo akaliita msaada.

Waluguru tumezoea namna nyingine ya kuhifadhi. Kule Kinole, Kingalu akifariki, anayeshika nafasi yake huitwa Kingalu. Jina halizikwi. Mwenye kulirithi hubeba pamoja nalo majukumu ya waliotangulia, ardhi ya ukoo na matambiko yake. Sisi Wakristo tuna desturi inayofanana nayo tunapowapa watoto majina ya watakatifu. Basi tuwafanyie hivyo na hawa wazee wetu wa imani. Majina ya mapadre tunayasoma makaburini Bagamoyo. Majina ya waliokombolewa tunayapata, pale tunapoyapata, katika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, karatasi zinazoliwa na mchwa katika makabati ya parokia.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo ambayo kila parokia inaweza kuyafanya bila kungoja wafadhili. Vitabu vya kale vya ubatizo vinakiliwe na kupigwa picha, kwa ruhusa ya paroko, kabla mchwa hawajavimaliza. Vijana wa kila Jumuiya Ndogo Ndogo waketi na wazee na kuandika habari za familia zilizokuja na misheni, maana katika parokia kongwe bado zipo familia zinazojua kwamba babu yao hakuzaliwa hapa. Kamati ya ujenzi isivunje wala kupaka saruji jengo la kale kabla ya kuuliza watu wa Mambo ya Kale. Na tunapokwenda kuhiji Bagamoyo, tusiishie kwenye eneo la misheni na ufukweni. Tuingie na mjini. Tupite Ngome Kongwe na kambi ya misafara, tuwasalimie wenyeji, tuwaombe Waislamu wa pale watusimulie upande wao, na tuache mchango wa chokaa kama tunavyoacha sadaka ya altare.

Jimbo jipya la Bagamoyo lina askofu wake na mipango yake, nasi hatuna mamlaka huko. Mtoto aliyejenga kwake hana mamlaka juu ya nyumba ya wazazi, lakini akisikia paa limeezuliwa na upepo hungojei barua ya mwaliko. Hufunga safari. Kwa miaka 47 Kanisa letu liliitwa kwa jina la mji ule, na mpaka leo tunasali sala tulizoletewa kwa miguu na watu waliopita katika mchanga wake wakiwa wamefungwa. Watoto wetu watakapouliza mawe yale yana maana gani, tuwe na jibu, na mawe yenyewe yawepo.